Henrietta Lacks: Alifariki 1951, jenomu yake ikawekwa hadharani 2013 bila familia kuulizwa

KALEMIE – Mwezi Januari 1951, wakati mji wa Kalemie ukiitwa Albertville na Kongo ikiwa bado mikononi mwa Wabelgiji, mama wa watoto watano alipelekwa na mumewe katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani. Alikuwa akitokwa na damu isiyo ya kawaida, na alikuwa amehisi uvimbe tumboni kwa muda mrefu bila kuwaambia watu wengi. Miezi minane baadaye alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 31.

Jina lake lilikuwa Henrietta Lacks. Leo anatajwa katika vyuo vya udaktari duniani kote, kwa sababu seli zilizochukuliwa kwenye uvimbe wake hazikufa pamoja naye. Zinaendelea kuishi na kugawanyika katika maabara hadi sasa. Na zaidi ya miaka 60 baada ya kifo chake, wanasayansi walisoma jenomu ya seli hizo, yaani maandishi yote ya urithi yaliyomo ndani yake, wakayaweka hadharani bila kuwauliza watoto na wajukuu wake.

Kisa chake ni cha Marekani, lakini swali linalotokana nacho limefika hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika: damu ya mtu ikishatoka mwilini na kuingia maabara, ni nani mwenye haki ya kuisoma?

Mtoto wa mashamba ya tumbaku

Henrietta alizaliwa Agosti 1, 1920 mjini Roanoke, katika jimbo la Virginia, akaandikishwa kwa jina la Loretta Pleasant. Namna jina la Henrietta lilivyopatikana, hata familia yake haikuweza kueleza.

Mwaka 1924 mama yake, Eliza, alifariki akijifungua mtoto wake wa 10. Baba hakuweza kuwalea watoto wote peke yake. Aliwapeleka Clover, kijiji cha wakulima wa tumbaku huko huko Virginia, akawagawa kwa ndugu. Henrietta alichukuliwa na babu yake, Tommy Lacks, aliyeishi katika nyumba ya magogo iliyowahi kuwa makazi ya watumwa.

Katika nyumba hiyo alikuwemo binamu yake aliyeitwa David, ambaye wengi walimwita Day. Wawili hao walikua pamoja, wakilima na kuvuna tumbaku. Henrietta alijifungua mtoto wa kwanza, Lawrence, mwaka 1935 akiwa na umri wa miaka 14. Binti yao Elsie alifuata mwaka 1939. Walifunga ndoa Aprili 10, 1941.

Mwaka huo kazi ilikuwa mjini. Viwanda vya chuma vya Sparrows Point, karibu na Baltimore, vilihitaji vibarua kwa ajili ya vita, na Day akaenda. Henrietta alimfuata na watoto, wakakaa Turner Station, mtaa wa wafanyakazi weusi. Huko walizaliwa David mdogo, Deborah na Joseph, aliyezaliwa mwaka 1950.

Miezi michache baada ya Joseph kuzaliwa, damu ilianza kumtoka.

Kipande kidogo cha nyama

Johns Hopkins ilikuwa miongoni mwa hospitali chache za eneo hilo zilizowatibu weusi maskini. Lakini nayo iliwatenga. Wagonjwa weusi walikuwa na wodi zao, na hata vyumba vya uchunguzi vilikuwa vyao peke yao.

Januari 29, 1951 daktari Howard Jones alimpima Henrietta, akaona uvimbe kwenye mlango wa kizazi. Majibu ya maabara yalionyesha kuwa ni saratani. Alirudi hospitalini Februari ili kuanza matibabu ya radiamu, ambayo wakati huo ndiyo yaliyokuwa ya kawaida.

Akiwa amelala kwenye meza ya upasuaji, kabla radiamu haijawekwa, daktari alikata vipande viwili vidogo: kimoja cha uvimbe na kingine cha nyama isiyo na ugonjwa. Henrietta alikuwa ametia saini fomu ya kukubali matibabu. Hakuna aliyemwambia kuwa nyama yake ingepelekwa kwenye utafiti. Katika miaka hiyo hapakuwa na sheria ya Marekani iliyomlazimu daktari kumwambia.

Vipande hivyo vilipelekwa kwa George Gey, mtafiti wa hospitali hiyo hiyo. Kwa miaka mingi Gey na mkewe Margaret walikuwa wakijaribu kukuza seli za binadamu nje ya mwili, na kila mara zilikufa. Msaidizi wake, Mary Kubicek, aliziweka zile mpya kwenye mirija ya kioo na kuandika juu yake herufi nne: HeLa, yaani herufi mbili za mwanzo za jina na mbili za ukoo.

Zile za nyama isiyo na ugonjwa zilikufa baada ya siku chache. Za uvimbe hazikufa. Ziliongezeka maradufu kila baada ya takriban saa 24, na kila zilipohamishiwa mirija mipya ziliijaza.

Henrietta mwenyewe alirudi nyumbani, akapika, akalea, akaendelea kwenda kwa matibabu ya mionzi. Agosti alilazwa akiwa na maumivu makali, asitoke tena. Alifariki Oktoba 4, 1951. Mwili wake ulirudishwa Clover, ukazikwa katika makaburi ya ukoo bila jiwe lenye jina.

Seli zilizozunguka dunia

Gey hakuziuza. Aliwapa watafiti wenzake waliozihitaji, nao wakawapa wengine. Baada ya muda mfupi zilikuwa zimevuka bahari.

Kazi yao kubwa ya kwanza ilikuwa polio. Wakati Jonas Salk alipotengeneza chanjo yake, zilihitajika seli nyingi za kuipima kabla ya majaribio makubwa ya mwaka 1954. HeLa zilikubali kuambukizwa virusi vya polio na zilikua kwa wingi. Kiwanda cha kuzikuza kilifunguliwa katika chuo cha Tuskegee, Alabama, chuo cha watu weusi, na maelfu ya mirija yakawa yanasafirishwa kila wiki. Baadaye kampuni za biashara ziliingia, na seli zikawa bidhaa yenye bei.

Orodha ya yaliyofuata ni ndefu. Zilitumwa angani ili kuona jinsi seli za binadamu zinavyohimili safari hiyo. Zilitumika kupima dawa za saratani na kuelewa virusi vya Ukimwi. Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Ujerumani, Harald zur Hausen, alionyesha kuwa ndani yake vimo virusi vya HPV aina ya 18. Kazi yake kuhusu HPV na saratani ya mlango wa kizazi ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2008, na ndiyo msingi wa chanjo wanayopewa wasichana leo. Shirika la Afya Duniani, WHO, limesema tafiti zilizotumia HeLa zinapita 75,000.

Mwaka 1966 seli hizo zilizua kizaazaa. Mtaalamu wa urithi kutoka Seattle, Stanley Gartler, aliwaeleza wenzake kuwa aina 18 za seli zilizodhaniwa kutoka kwa watu mbalimbali zote zilikuwa na aina moja ya kimeng'enya cha G6PD, inayopatikana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika pekee. Maelezo yake yalikuwa kwamba HeLa ziliingia katika mirija ya wengine, zikazifukuza seli zilizokuwemo. Kimeng'enya hicho madaktari wa nchi zenye malaria wanakifahamu, kwa kuwa wenye upungufu wake wanaweza kudhurika na dawa kama primakwini.

Hivyo, miaka 15 baada ya kifo cha Henrietta, alama ndogo ya urithi wa mababu zake wa Afrika ndiyo iliyofichua kuwa seli zake zilikuwa zimeenea kila mahali.

Nyumbani hawakujua

Wakati haya yote yakitokea, jina la mwenye seli lilikuwa limepotoshwa. Magazeti yaliandika Helen Lane, mengine Helen Larson. Jina lake halisi lilichapishwa na wanasayansi mwaka 1971.

Familia ilipata habari mwaka 1973, na kwa bahati tu. Mke wa Lawrence alikutana na mtu aliyefanya kazi katika taasisi ya saratani, ambaye alisikia jina la ukoo na kulifananisha na lile la seli za maabara. Mwaka huo huo watafiti wa Johns Hopkins waliwachukua damu watoto wa Henrietta na mumewe. Walitaka alama za urithi za kuwasaidia kutofautisha HeLa na seli nyingine. Familia ilidhani inapimwa saratani, na Deborah alikaa kwa muda mrefu akisubiri majibu ambayo hayakuja.

Maisha yao hayakuwa mepesi. Elsie, aliyekuwa na ulemavu, alifariki mwaka 1955 katika hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili. Ndugu zake walikua bila mama, na baadhi yao walikosa hata bima ya afya katika nchi ambamo dawa zilizopimwa kwa seli za mama yao ziliuzwa kwa pesa nyingi. Johns Hopkins imesema haikuwahi kuuza wala kupata faida kutokana na seli za HeLa.

Kitabu cha mwandishi Rebecca Skloot kuhusu Henrietta, kilichotoka mwaka 2010, ndicho kilicholifikisha jina lake kwa watu wa kawaida.

Wavu uliochanika

Ili kuelewa kilichotokea mwaka 2013, ni lazima kujua jenomu inasomwa vipi.

Jenomu ya binadamu ni maandishi ya takriban herufi bilioni 3, yaliyoandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Hakuna mashine inayoweza kuyasoma yote kwa mkupuo mmoja. Yanakatwa vipande, kila kipande kinasomwa, kisha kompyuta inatafuta vipande vinavyofuatana na kuviunganisha.

Mvuvi wa Kalemie anaweza kulielewa tatizo hili kuliko wengi. Wavu ukikatwa vipande vidogo vidogo, kipande chenye fundo la pekee au kiraka utajua kilitoka wapi. Lakini vipande vya katikati, ambavyo matundu yake yote yanafanana, utavirudisha wapi? Katika jenomu yapo maeneo marefu ambamo maneno yale yale yanajirudia maelfu ya mara. Mashine za zamani, zilizosoma herufi mia chache kwa wakati mmoja, zilishindwa kuyapanga.

Ndiyo sababu mradi wa kimataifa uliotangaza kumaliza kazi mwaka 2003 uliacha takriban asilimia 8 ya jenomu bila kusomwa. Pengo hilo lilizibwa Machi 31, 2022, kikundi cha watafiti kilichojiita T2T kilipochapisha jenomu nzima kutoka ncha moja ya kila kromosomu hadi ncha nyingine. Kilitumia mashine mpya zinazosoma vipande virefu, vingine vya herufi 20,000, vingine vya zaidi ya 100,000. Kromosomu Y, ambayo haikuwemo katika seli zilizotumiwa, ilikamilishwa mwaka 2023.

Jenomu ya HeLa haikuwahi kuwa ya kawaida. Saratani iliivuruga: baadhi ya kromosomu zipo tatu, nne au tano badala ya mbili, na nyingine zimekatika na kuunganishwa upya. Lakini chini ya vurugu hiyo bado yapo maandishi ambayo Henrietta alizaliwa nayo. Mtoto hupokea nusu ya maandishi ya mama yake, na mjukuu hupata wastani wa robo.

Machi 2013

Mwezi huo watafiti wa maabara ya biolojia ya molekuli ya Ulaya, EMBL, iliyoko Heidelberg, Ujerumani, walichapisha jenomu ya HeLa na kuiweka kwenye hifadhi ya data ambayo yeyote angeweza kuifungua. Hawakuvunja sheria. Seli hizo zilikuwa zikitumika kila mahali, na hakuna kanuni iliyowataka kuomba ruhusa.

Lakini jina la mwenye seli lilijulikana, na wajukuu wake walijulikana. Mtu mwenye ujuzi angeweza kuchukua data hiyo na kukisia hatari za magonjwa katika familia ambayo haikuwahi kuulizwa. Wajukuu walilalamika, wanasayansi wengine wakawaunga mkono, na EMBL ikaiondoa data hiyo hadharani.

Wakati huo huo timu ya Jay Shendure wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ilikuwa na kazi nyingine tayari, iliyokwenda mbali zaidi: ilitenganisha nakala za kila kromosomu na kuonyesha kipi kiko pamoja na kipi. Kazi hiyo ilieleza pia kwa nini saratani ya Henrietta ilikuwa kali. Virusi vya HPV-18 vilikuwa vimejipachika kwenye kromosomu ya 8, karibu na jeni ya MYC inayochochea seli kukua, na kuiwasha kupita kiasi.

Kwa hiyo maswali mawili yalikuja pamoja. Kazi hiyo ilikuwa na faida ya kweli kwa tiba, na ilikuwa ya familia ya watu waliokwisha kuumizwa mara kadhaa.

Mkuu wa taasisi za kitaifa za afya za Marekani, NIH, Francis Collins, alikutana na familia mara kadhaa. Makubaliano yalitangazwa Agosti 7, 2013. Jenomu ya HeLa itahifadhiwa mahali palipofungwa. Mtafiti anayeitaka ataomba, aeleze anataka kuifanyia nini, na maombi yatapitiwa na kamati ambayo ndani yake wamo watu wawili wa familia ya Lacks. Pia atatakiwa kuishukuru familia katika andiko lake.

Makubaliano hayo hayakuwa na malipo. Suala la pesa lilifika mahakamani mwaka 2021, mirathi ya Henrietta ilipoishtaki kampuni ya Thermo Fisher Scientific kwa kuuza seli hizo. Pande mbili zilipatana, na mapatano yalitangazwa Agosti 1, 2023, siku ambayo Henrietta angetimiza miaka 103. Kiasi kilichokubaliwa kimebaki siri.

Kongo nayo ina mtu asiye na jina

Mwaka 1959 damu ya mwanamume mmoja ilichukuliwa Léopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, ikahifadhiwa pamoja na sampuli nyingine za utafiti. Miaka mingi baadaye ilipimwa na kukutwa na virusi vya Ukimwi. Mwaka 1998 watafiti walichapisha mpangilio wa sehemu ya virusi hivyo, na sampuli hiyo ikawa ushahidi wa zamani kuliko wote uliokuwa ukijulikana wakati huo wa virusi hivyo kwa binadamu. Jina la mwenye damu halijulikani.

Tangu wakati huo Afrika imezidi kuwa muhimu kwa wasomaji wa jenomu. Binadamu wameishi katika bara hili kwa muda mrefu kuliko kwingine, na tofauti za urithi miongoni mwa Waafrika ni nyingi kuliko za bara lolote. Mei 2023 ilipochapishwa jenomu ya marejeo iliyounganishwa kutoka kwa watu 47 badala ya mmoja, wengi miongoni mwao walikuwa na asili ya Afrika. Watu hao walitoka katika miradi iliyowaomba ridhaa, ukiwemo ule wa jenomu 1,000. Mradi huo uliwafikia Waluhya wa Webuye, Kenya. Katika jamii 26 zilizomo kwenye orodha yake, hakuna hata moja ya Kongo.

Pengo hilo lina gharama. Ugonjwa wa selimundu, ambao Wakongo wengi huuita drepanositozi, hutokana na badiliko la herufi moja tu kwenye kromosomu ya 11, na Kongo ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao. Tiba za jeni zinazotengenezwa sasa zinahitaji kujua maandishi ya watu watakaotibiwa.

Kwa hiyo siku itafika ambapo mtafiti ataomba damu ya wakaaji wa Kalemie kwa ajili ya kusoma jenomu zao. Kukataa kila kitu kungewanyima watoto tiba. Kutoa bila kuuliza ndiko kulikoifikisha familia ya Lacks ilikofika. Yale ambayo familia hiyo ilikosa yanaweza kuulizwa kabla ya sindano: damu hii ni ya kazi gani, itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, nani ataisoma, majibu yatarudi kwa nani, na nikibadili mawazo nifanye nini. Na kwa kuwa jenomu ya mtu mmoja husema habari za ndugu zake pia, mazungumzo hayo ni ya nyumba nzima.

Jiwe la kaburi

Oktoba 13, 2021 mkurugenzi mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alimkabidhi Lawrence Lacks tuzo ya heshima kwa niaba ya mama yake. Lawrence, yule mtoto aliyezaliwa Henrietta akiwa na miaka 14, alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 80.

Huko Clover, jiwe la kaburi lenye jina la Henrietta liliwekwa mwaka 2010, miaka 59 baada ya mazishi, likiwa na umbo la kitabu. Lilitolewa na Roland Pattillo, daktari aliyewahi kufanya kazi na George Gey. Liliwekwa karibu na kaburi la Eliza, mama yake, kwa kuwa ndugu wanaamini Henrietta alilazwa hapo jirani. Mahali hasa alipozikwa hakuna anayepajua.